Wananchi Walinishangilia

Mzee Gedion Musyimi aliamua kuandika kitabu siku aliyozikwa Mbuvi, naibu chifu mwenzake wa zamani. Si kwamba huzuni ilimzidi. Kilichomchoma ni namna wasifu wa marehemu ulivyosomwa. Mbuvi alikuwa ameitumikia serikali mpaka mvi zikamwota, amepanda na kushuka vilima vya Kilungu kwa mvua na kwa jua, amegawa mahindi ya msaada, ameamua kesi za mipaka na za mbuzi walioingia mashamba ya watu. Maisha yote hayo yakakabidhiwa mpwa wake mmoja mwenye haraka, naye akaruka ukurasa mzima kwa sababu mheshimiwa fulani alitaka kusalimia watu kabla hajakimbilia mazishi mengine.

"Hayo mengine mtajisomea," mpwa huyo alisema, akakunja karatasi.

Nani alijisomea? Watu waliyakalia maisha ya Mbuvi, zile programu walizogawiwa, wasichafue nguo kwenye nyasi. Jioni Musyimi alinunua karanga pale barabarani, akazikuta zimefungwa ndani ya picha ya marehemu, kuanzia pua kwenda chini.

"Mimi sitasomwa na mpwa," alimwambia mkewe Kalekye walipokuwa wakipanda kwenda nyumbani. "Nitajiandika mwenyewe, ningali hai."

Kalekye alikuwa amevua viatu vya mazishi, amevishika mkononi. "Andika, Baba Mutisya," alisema. "Lakini kwanza rekebisha mlango wa zizi."

Mlango wa zizi haukurekebishwa. Musyimi alinunua karatasi, akajitengea meza sebuleni, akaanza. Aliandika kwa kalamu, mgongo umenyooka, kofia yake ya kazi ikiwa kichwani, ile ya kaki aliyotakiwa kuirudisha alipostaafu. Kila alipomaliza sehemu alimsomea mkewe, aliyekuwa akipukuchua maharagwe mlangoni.

"'Njaa ilipoingia Kilungu,'" alisoma, "'nilisimama kidete. Hakuna punje moja ya msaada iliyopotea mikononi mwangu.'"

"Na lile gunia lililokwenda kwa kaka yako?"

"Kaka yangu pia alikuwa na njaa."

"Basi liandike."

"Hiyo ni historia ndogo, Mama Mutisya. Kitabu kinataka historia kubwa."

Kalekye alirudi kwenye maharagwe yake. Tangu siku hiyo Musyimi akawa anaandika mlango ukiwa umefungwa.

Maandishi yalipokamilika aliyateremsha hadi mji wa Sultan Hamud, kwa kijana aitwaye Kiama. Wazazi wa Kiama walitoka pande za Nyeri zamani, wakafungua duka la misumari na mabati kando ya barabara ya Mombasa. Kiama mwenyewe misumari ilimchosha. Alifungua duka la kuchapisha, akachapa programu za mazishi, kadi za harusi na mabango ya wagombea. Uchaguzi ulipopita, biashara ikalala, akaweka bango jipya lenye picha yake amekunja mikono kifuani: KITABU KIMO TUMBONI MWAKO. KITOE! KOCHA KIAMA.

Kalekye aliposikia habari za bango hilo aliuliza kama hakuna dawa ya minyoo.

"Mzee wangu," Kiama alimwambia Musyimi, akiyapokea makaratasi kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto wa kubatizwa, "wewe uko na kitabu. Hapa kuna watu wanakuja na hewa. Wewe umekuja na mzigo. Sasa uchague. Tuko na mpango wa Fedha, tuko na Dhahabu, tuko na Almasi."

"Tofauti ni gani?"

"Fedha tunachapa tu. Dhahabu tunachapa na kuweka rangi kwenye kava. Almasi tunakuandikia dibaji ya Profesa, na hii." Akatoa kwenye droo karatasi ya vibandiko vya duara vinavyometameta. Kila kimoja kilisema: KINAUZWA SANA.

"Lakini bado hakijauzwa," Musyimi alisema.

"Ndiyo maana tunasema mapema."

Musyimi alichagua Almasi. Mtu aliyewahi kuvaa kofia ya serikali hawezi kuwa Fedha. Fahali wa kulimia wakashuka mlima wasirudi, na Kalekye akauliza mara moja tu kama mwaka huu shamba litalimwa kwa kalamu.

Kazi ya kuchapa maandishi kwenye kompyuta ilifanywa na Shiru, msichana wa dukani, aliyekuwa hodari sana wa programu za mazishi. Alichapa kwa kasi hata vidole havikuonekana. Alipomaliza, Kiama alimpa Musyimi nakala ya kwanza.

"Pitia hii pole pole, mzee. Ukiona kosa, weka alama. Ama kama unataka, kuna mwalimu wa Kiswahili anaweza kukuhariria."

Musyimi alivimba. "Ahariri nini? Maisha yangu?"

"Si maisha. Maneno."

"Kijana, haya mambo yalinitokea mimi. Mwalimu alikuwa wapi?" Akairudisha nakala palepale, bila kuifungua. "Chapa."

Ikachapwa.

Siku ya kuvichukua vitabu, Musyimi alivaa suti. Aliposhika cha kwanza alikipangusa kwa mkono wa koti. JABALI LA KILUNGU, kava lilisema kwa herufi za kupanda mlima, na chini yake uso wake mwenyewe, mkubwa, umezungukwa na mawingu, utepe wa zambarau na njiwa weupe wanaoruka. Chini ya kidevu palisomeka: 1956 –

"Hapa baada ya hiki kistari," aliuliza, "mbona hakuna kitu?"

Kiama alimtazama Shiru. Shiru alitazama printa. Kava lilikuwa limetengenezwa kwa kiolezo alichokizoea Shiru, kile cha mazishi.

"Mzee, hiyo inaonyesha bado unaendelea," Kiama alisema.

Musyimi aliikubali sababu hiyo, tena akaipenda. Njiwa nao aliwapenda. Alisema njiwa ni amani, na yeye alikuwa mtu wa amani.

Uzinduzi ulifanyika Jumapili baada ya ibada, uwanjani pa kanisa, chini ya hema la kukodi. Mwakilishi wa wadi alikuja amechelewa, akakipima kitabu kwenye kiganja kama anayenunua papai, akasema kwamba kitabu hiki kina uzito, na kwamba yeye binafsi anawahimiza vijana wasome vitu vyenye uzito. Akanunua nakala za ofisi yake yote. Watu wakamfuata, kila mtu akinunua kwa sauti, ili jina lake litajwe kwenye kipaza sauti. Ilikuwa harambee kama harambee nyingine. Mtu alitoa, akapigiwa makofi, akaenda na kitabu kwapani. Hakuna aliyekusudia kukisoma, wala hakuna aliyetarajiwa kukisoma, na laiti mambo yangeishia hapo, Musyimi angekufa akiwa mwandishi mwenye furaha.

Wa kwanza kusoma alikuwa mchungaji, na hata yeye alisoma kwa sababu ya wadhifa wake. Alimpigia Musyimi simu Jumanne.

"Mzee, nimeanza kitabu chako."

"Bwana asifiwe."

"Asifiwe. Nataka tu kujua. Hii huduma ya unabii ulianza lini?"

"Unabii gani, mchungaji?"

"Ukurasa wa tatu. 'Serikali iliniteua kuwa nabii.' Ukurasa wa tano, 'Mimi nikiwa nabii wa chifu.' Halafu huku mbele unasema uliwahi kuwaita manabii wenzako wote mkutano, mkala mbuzi."

Musyimi alikifungua kitabu chake kwa mara ya kwanza. Naam. Palipotakiwa kuwa naibu pote pamekuwa nabii, kitabu kizima, kama mharagwe uliokumbwa na kutu. Ndipo alipoisoma na dibaji ya Profesa. Profesa huyo, ambaye Musyimi hakuwahi kumtia machoni, alimsifu kwa ushujaa wake katika kilimo cha ndengu, na akaeleza kwa uchungu jinsi Gedion Musyimi alivyofiwa na mume wake akiwa bado kijana, lakini hakukata tamaa, akalea watoto peke yake.

Alimpigia Kiama, sauti ikimtoka juu juu. Kiama alisema pole, kuna mama mmoja wa ndengu alichukua Almasi mwezi uliopita, dibaji ni ileile, wamesahau kubadilisha sehemu mbili tatu. Ila asijali. Hakuna mtu husoma dibaji.

"Na nabii?"

"Hiyo ni kompyuta, mzee. Lakini angalia kwa upande mwingine. Nabii ni cheo kikubwa kuliko naibu."

Musyimi alilala na jambo hilo, na asubuhi akaona lina ukweli kidogo. Makosa ni ya kompyuta. Maisha ni yake. Na tena, kama Kiama alivyosema, nani angesoma?

Akina mama walisoma.

Kulikuwa na kikundi cha akina mama kiitwacho Wendo, kilichokutana kila wiki barazani kwa Mwongeli kusuka vyondo. Mwongeli alikuwa mwenyekiti wao, mjane mwenye sauti ya kufukuza nyani, aliyefundisha chekechea miaka mingi. Siku ya harambee walichanga wakanunua nakala moja, ili nao watajwe. Mikono ilipokuwa kwenye kamba za mkonge, Mwongeli aliona midomo na masikio vinakaa bure, akaanza kuwasomea.

Musyimi alipata habari hiyo kwa Kalekye, aliyekuwa mwanachama. Moyo ulimruka. Wasomaji! Wasomaji halisi, wasiolazimishwa na kipaza sauti! Wiki iliyofuata alijipitisha kwenye njia ya nyuma ya kwa Mwongeli, polepole, mkongojo mkononi, kama mtu anayekagua mimea. Kupitia ua wa miti ya minyaa alisikia sauti ya Mwongeli ikisoma. Akasimama.

"'Sura ya saba,'" Mwongeli alisoma. "'Nilivyolijenga bwawa la Kavuthu.'"

Musyimi alitabasamu. Hiyo ndiyo sura aliyoipenda kuliko zote. Kavuthu ulikuwa mto wa msimu bondeni, mchanga mtupu mwaka mzima. Zamani, alipokuwa naibu chifu, ukuta wa mawe ulijengwa kuukata mto, mchanga ukajaa nyuma yake, maji yakajificha ndani ya mchanga, na tangu hapo watu walichota hata ukame ulipouma.

"'Siku ya kwanza nilibeba jiwe la kwanza,'" Mwongeli alisoma. "'Nikabeba la pili. Jasho langu likawa maji ya kwanza ya bwawa. Wananchi walinishangilia.'"

Vyondo vilitua magotini. Musyimi alishika mkongojo kwa nguvu. Aliamini wameguswa.

"Soma tena hapo," mtu mmoja alisema.

Mwongeli alisoma tena. Safari hii alipofika kwenye jasho alisimama kidogo, na mama mmoja akaguna, mwingine akakohoa, kisha kikaanza kicheko, kwanza kimoja cha puani, halafu viwili, halafu baraza zima likapasuka. Walicheka mpaka mmoja akaomba maji. "Ya jasho ama ya mfereji?" wakamuuliza, wakaanza upya. Na katika vicheko vyote hivyo kimoja kilipanda juu kuliko vingine, kile cha kupiga kelele kama kanga, ambacho Musyimi alikijua vizuri mno kwa kuwa aliishi nacho nyumba moja. Kalekye alikuwa anacheka hadi anagonga sakafu.

Aliondoka bila kukagua mimea yoyote.

Ukweli wa bwawa kila mtu mwenye umri alikuwa nao. Lilijengwa na mwethya, wale watu wa kufanya kazi kwa zamu, leo shamba la huyu kesho la yule, na mwethya wa mwaka ule ulikuwa wa wanawake, maana wanaume walikuwa Mombasa na Nairobi wakitafuta. Waliteremsha mawe kutoka mlimani kwa migongo. Ni kweli Musyimi alibeba jiwe la kwanza. Lilikuwa la ukubwa wa mkate, na mpiga picha alikuwapo. La pili ni lilelile, kwa sababu picha ya kwanza haikutoka vizuri. Baadaye alirudi kivulini na kofia yake, akawa anauliza mbona kazi inakwenda polepole.

Usiku huo Musyimi hakumsemesha mkewe. Kalekye naye hakumbembeleza. Alimpa chakula, akampa maji ya kunawa, na alipokuwa akitoka na karai, mabega yake yalitikisika.

Kicheko pekee kingekwisha. Lakini akina mama wa Wendo walikuwa waimbaji, na Mkamba akipata neno la kufaa wimbo hawezi kuliacha lilale. Baada ya wiki chache kulikuwa na mchango wa bweni la shule, Wendo wakaitwa kutumbuiza, nao wakaja na wimbo mpya. Mwongeli alitoa sauti: "Nilibeba jiwe la kwanza!" Na wote, wameinama, mikono nyuma kiunoni, mishipa ya shingo imesimama kama waliobebeshwa mlima, wakaitikia: "Wananchi walinishangilia!" "Nikabeba la pili!" Wakainama zaidi, mmoja akajikwaa makusudi akaanguka magoti. "Wananchi walinishangilia!" "Jasho langu likawa maji!" Hapo wakakamua leso zao kavu, wakakinga viganja, wakanywa.

Watu walilia kwa kicheko. Simu zikainuliwa. Kabla ya Ijumaa wimbo ulikuwa umefika Mbooni, na Jumatatu mtoto wao Mutisya alipiga simu kutoka Nairobi kusema kwamba kazini kwake watu wanauimba, na je, baba yuko sawa?

Baba hakuwa sawa. Vijana wa bodaboda walimwita Mzee Jasho. Alipoteremka Sultan Hamud kununua betri, mwanamke muuza machungwa alimtazama, akatazama njiwa kwenye kitabu alichokishika kwapani, akapiga kofi. "Ni wewe!" akasema, akaongeza machungwa mawili bure kwa furaha. Musyimi aliyakubali machungwa, akaenda moja kwa moja kwa Kiama.

"Nataka kuwashtaki."

Kiama aliutazama wimbo kwenye simu mara mbili. Mara ya pili aliutazama bila kucheka, kwa juhudi kubwa.

"Mzee, hebu ngoja. Haya maneno wamepata wapi?"

"Kitabuni mwangu! Neno kwa neno!"

Kiama alifungua kitabu ukurasa wa pili, akaweka kidole. "Soma hapa. 'Haki zote zimehifadhiwa. Hairuhusiwi kunakili, kuchapisha ama kutumia sehemu yoyote bila idhini ya mwandishi.' Ungeenda kwa hao makampuni ya vitabu, haki ingekuwa yao. Lakini umejichapishia mwenyewe. Haki ni yako yote. Mzee, hawa akina mama wameimba mali yako."

Musyimi alihisi kofia ikimkaa vizuri tena kichwani.

Kesi ilipelekwa kwa chifu wa sasa, mama kijana aliyeitwa Nzisa, aliyesoma chuo na aliyekuwa na kompyuta ofisini, jambo ambalo Musyimi hakuwahi kulipenda. Wendo walikuja wote, wakaketi kwenye mabenchi na vyondo vyao, mikono ikisuka. Kalekye alikuja nao. Aliketi katikati yao, si upande wa mumewe, na Musyimi akajifanya hakuona.

"Mzee wetu, tueleze," Nzisa alisema.

Musyimi alisimama. Alieleza kuhusu heshima ya mtu aliyeitumikia serikali. Alieleza kuhusu Mzee Jasho. Alieleza kuhusu ukurasa wa pili.

"Mwaitu, mama yetu Mwongeli," Nzisa alimgeukia mwenyekiti, "mmeongeza maneno yoyote?"

"Hata moja, chifu. Tuliogopa kuharibu kazi ya mzee."

"Wameongeza mikono!" Musyimi alisema. "Wameongeza migongo! Kwani mimi nimeandika kuinama?"

"Sheria ya mikono sina hapa," Nzisa alisema taratibu. "Lakini maneno ni yako?"

"Ni yangu."

"Yote?"

"Yote, chifu. Mpaka nukta."

"Ili niandike vizuri. Wewe mzee unasema huu wimbo ambao watu wanaimba, wa jiwe la kwanza na jasho, mtunzi wa maneno ni wewe."

Musyimi aligeukia mabenchi. Mikono ya kusuka ilikuwa imesimama yote. Alitambua mtego, kwa maana hakuwa mjinga. Alikuwa na majivuno tu, na hayo ni maradhi mengine. Angeweza kusema hapana. Angesema hapana, wimbo ungebaki bila mwenyewe, ungeimbwa miaka na miaka na watu wasiojua aliyebeba jiwe ni nani, na yeye angerudi kuwa Mbuvi, karatasi ya karanga.

"Ni mimi," alisema. "Kila neno."

Akina mama walipiga vigelegele, na Nzisa akainamia kompyuta yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Basi mnakubali kumtaja?" aliuliza alipoinuka.

"Kila tutakapoimba," Mwongeli alisema. "Jina, na cheo. Nabii Gedion Musyimi."

"Naibu!" Musyimi alifoka.

"Kitabu kinasema nabii, mzee, na hatukupewa idhini ya kubadilisha."

Walicheka, hata Nzisa. Kisha Mwongeli akaweka chondo chini, akanyoosha mkono wa kushoto. Kidole cha kati kilikuwa kimepinda kama mzizi, bila ukucha.

"Hiki kilibanwa chini ya jiwe Kavuthu," alisema, na sauti yake haikuwa ya kufukuza nyani tena. "Wewe ulikuwa kivulini. Uliniambia nikifunge kwa leso nisicheleweshe wengine. Mzee, sisi hatukununua hicho kitabu kukucheka. Nilipofika sura ya saba nilikuwa natafuta mahali tulipo. Nimegeuza kurasa mbele na nyuma. Nikatupata mahali pamoja tu. Sisi ndio wananchi walioshangilia."

Musyimi alitazama kidole. Alikumbuka leso, ilikuwa ya manjano. Alitaka kusema kitu, na kilichomjia ni kwamba kitabu kingekuwa kirefu mno, akakimeza.

Desemba, Kathini, binti wa dada yake Mwongeli, aliolewa Mbooni, na Wendo wakaenda kuimba. Kalekye alikuwa amenunua kitambaa sare na wenzake. Musyimi alisema hatakwenda, akavaa suti, akaenda. Ndani ya koti alitia nakala kadhaa, endapo mtu angeuliza.

Baada ya keki, Mwongeli alishika kipaza sauti. "Wimbo unaofuata, maneno yake yametungwa na mzee wetu, Nabii Gedion Musyimi wa Kilungu, ambaye yuko nasi hapa!"

Hema lote liligeuka. Watu walisimama kumwona. Wengine walifikiri alikuwa amekufa, kwa sababu ya lile kava, na hao walipiga makofi zaidi ya wote. Na Musyimi, aliyekuwa ameapa njia nzima kwamba akitajwa atainamisha kichwa, aliinuka, akavua kofia, akaipunga. Aligeuka kushoto, akageuka kulia. Hakuna mtu aliyewahi kumshangilia hivyo alipokuwa na mamlaka ya kuwalazimisha.

Waliimba. Waliinama, wakajikwaa, wakakamua leso. Walipofika mwisho umati ulitaka tena, na mshereheshaji, kijana mwenye suti ya kubana, akampelekea Musyimi kipaza sauti. "Mtunzi mwenyewe! Tupe ubeti!"

Alikishika. Aliwatazama akina mama wakiwa wamejipanga na sare zao, wametota jasho, jasho la kweli, na katikati yao mke wake, ambaye mwaka wa Kavuthu alikuwa na mimba ya Mutisya na alishuka mtoni kila asubuhi na wenzake, na ambaye hakutajwa kwenye kitabu kizima isipokuwa sura ya pili, kwa maneno "nikaoa." Aliimba kwa sauti ya mkwaruzo, iliyokosa tuni:

"Kalekye alibeba mchanga!"

Kiitikio hakikuja. Wendo walitazamana. Ubeti huo haukuwa kitabuni. Kalekye alimkodolea mumewe macho, na uso wake ulikuwa na upole ambao Musyimi hakuwa ameuona tangu fahali wauzwe. Alisogea mbele, akakiinamia kipaza sauti.

"Mawe," alisema.

"Nini?"

"Nilibeba mawe, Baba Mutisya. Mchanga walibeba watoto wa shule."

Hema lilivunjika kwa kicheko, na Musyimi akasimama pale, kofia mkononi. Kisha akakohoa, akanyoosha mgongo, akaanza upya, kwa sauti kubwa zaidi, "Kalekye alibeba ma—", lakini wakati huo sufuria za pilau zilikuwa zimefunuliwa upande wa pili, mshereheshaji alikuwa ametangaza meza ya wakwe ianze, na wananchi walikuwa wameshapanga foleni.